Mandolini ya Mfenesi

Jumapili, 3 Machi

Daftari la zamani limejaa, nimefungua jipya. Kama litaangukia mikononi mwa mtu mwingine, basi ajue anasoma ya nani: mimi ni Swabir, mshona kanzu na sare za shule, duka langu liko kando ya barabara kuu pale Msambweni, na nyumba yetu iko kijijini, upande wa kuelekea Gazi, ambako nakaa na mama yangu, Bi Mwanaima. Kwenye harusi mimi ndiye mpiga mandolini. Ninazo tatu, zote kazi ya mkono wa Fundi Iddi wa Gazi, na madaftari haya ni ya kuzikagua. Kila msimu naandika shingo imepinda kiasi gani, uso umevimba wapi, uzi upi unakoroma. Watu huniita mdaku wa mbao. Sikatai, maana umbea wa mbao haujavunja ndoa ya mtu.

Leo Fundi aliniita nikasikilize ya nne. Karakana yake ni banda la makuti nyuma ya nyumba, na kwa mwaka hutoa moja, akipenda mbili, asipopenda hatoi kitu. Aliifunua kutoka kwenye shuka akanipa. Tumbo na uso ni mfenesi, rangi ya asali iliyokaa, mbao kuukuu zisizo na hata tundu moja la dumuzi. Hilo si ajabu, mfenesi hauliwi na mchwa wala dumuzi, kila seremala wa pwani anajua. Ajabu ni wepesi wake. Niligusa uzi mmoja kwa kidole, bila risha, na sauti ikatoka ikasimama pale bandani, haikuwa na haraka ya kuondoka. Nimepiga mandolini miaka thelathini na moja na sijawahi kusikia sauti kama ile ikitoka mkononi mwangu.

"Mfenesi wa umri huu umeupata wapi, Fundi?"

"Mbao huja zenyewe kwa mwenye kuzijua," akasema, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Masharti yake ni yale yale: unakaa na chombo masika mazima. Kikivumilia unyevu ni chako, kikipinda unakirudisha bila lawama. Nimerudi nayo nyumbani nimeikumbatia, na wenye pikipiki wamenicheka njia nzima.

Jumanne, 5 Machi

Nilikuwa naipiga sebuleni, mama akaniita kutoka chumbani kwake. "Swabir, umekuja na nani?"

"Na mandolini mpya, mama."

"Basi mwambie aseme tena."

Miguu yake imeanza kuvimba. Anasema ni joto.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Nyuzi zote nimezilegeza, hakuna kupiga mpaka Idi. Zote nne zimetundikwa ukutani chumbani mwangu.

Jumapili, 24 Machi

Mvua ya kwanza, na imekuja kwa hasira. Bati letu linavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya cherehani ya mama.

Nimezikagua. Ya kwanza, ile ya mkangazi: shingo imeinama mbele unene wa ukucha. Ya pili: uso umevimba chini ya nyuzi nene. Ya tatu imeanza kuachia gundi kisigino, pale shingo inaposhikana na tumbo, kama kawaida yake, ile nimekwisha kuisamehe. Ya nne: hakuna kitu. Nimeweka rula mara tatu. Mbao hii haijui kwamba mvua imenyesha. Nilipaswa kufurahi, na kwa kweli nilifurahi, lakini nilijiuliza ni mbao gani iliyokwisha kunywa maji yote ya dunia hata haina kiu tena.

Ijumaa, 29 Machi

Mvua siku tano mfululizo. Nilirudi kutoka sala ya Ijumaa, nikaishusha ya nne ukutani ili niifute unyevu. Nikaweka pua kwenye tundu la sauti, desturi yangu, maana gundi ikianza kuoza pua hujua kabla ya jicho.

Haikunuka gundi. Ilinuka kafuri. Kafuri, na marashi ya mawaridi nyuma yake, hafifu, ya zamani sana. Unyevu ulikuwa umeivuta harufu kutoka ndani ya mbao.

Mtu mzima wa kwetu haulizi harufu ile ni ya nini. Ndiyo tunayowapaka maiti wetu. Niliitundika tena, nikaigeuza uso kwenye ukuta.

Jumamosi, 30 Machi

Nimetoka kwa Fundi. Nitayaandika kama yalivyosemwa, nisije baadaye nikajipendelea.

Nilimkuta ananoa patasi. Nikamwamkia, shikamoo, marahaba. Akanitazama usoni, akasema, "Umekwisha kunusa."

Akanyoosha kidole juu. Penye paa, juu ya mitambaapanya, palilazwa miti miwili mirefu iliyolainika kwa mikono ya watu, na matendegu manne yamefungwa kwa kamba. Nikaitambua ile miti. Begani kwangu naijua. Ni jeneza la msikiti wetu mdogo, lile la kubebea maiti. Marehemu babu yangu alibebwa juu yake, na marehemu baba, na siku ya baba mimi nilikuwa mmoja wa waliotoa bega kutoka mlangoni hadi makaburini. Mbao za ubavuni na za chini hazikuwepo. Mbao hizo zilikuwa chumbani mwangu, ukutani.

"Fundi, hii ni mali ya wakfu. Haiuzwi, haigawanywi."

"Najua," akasema. "Alilileta Abubakar mwenyewe, tendegu moja limelegea, kazi ya asubuhi moja. Nikaimaliza. Hakurudi. Nikangoja mwezi, nikangoja mwaka. Miaka miwili lilikaa hapo mlangoni, Bwana Swabir, limefunikwa gunia, watu wanapita, wanaliona, wanageuza macho."

"Ungekwenda ukamwambia."

"Niende kwa mtu mlangoni, nibishe hodi, nimwambie jeneza lenu liko tayari? Wewe ungenipokeaje?"

Abubakar ndiye mtunzaji wa msikiti wetu, mzee mwenye roho safi, lakini naye ni mtu wa kwetu. Kwetu kitu kile hakiulizwi. Hata jina halitajwi bure, tunasema "kile cha msikitini". Anayeulizia kiko wapi, kizima au kibovu, amemwita mtu kaburini, na juma halipiti kabla ya aliyeitwa kuitika. Na mwezi ule ule Abubakar alipolipeleka, mfadhili alileta jeneza la chuma kwenye msikiti mkubwa ng'ambo ya kivuko cha mto, upande wa Gazi, jipya, limepakwa rangi ya kijani, tukawa tunaazima. Basi letu likasahauliwa kwa adabu.

"Mwaka wa tatu," Fundi akasema, "nilichomoa ubao mmoja. Nikaugonga kwa kifundo cha kidole."

"Ukalia."

"Ukalia."

Aliweka patasi chini. Kisha akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Miti ya mabegani mizima. Matendegu mazima. Nikifunga mbao mpya, juma moja tu linarudi msikitini, wala hapatakuwa na maneno. Wewe ndiye mwenye sikio, Bwana Swabir. Sema nirudishe, narudisha. Lakini ile miti imetoka kwenye moyo wa mfenesi. Naiona shingo ya mandolini kubwa ndani yake, yenye sauti nzito, ya kwenda pamoja na hii. Nayo ingekuwa yako."

Neno lilikuwa moja tu, rudisha. Lilifika mpaka kwenye ulimi. Nikatazama juu, nikaiona ile miti ilivyonyooka baada ya miaka mia, na nikasema, "Ngoja Idi ipite."

Jumanne, 2 Aprili

Nimeamua. Idi ikipita nitamwambia arudishe. Mandolini hii nayo nitairudisha, atajua mwenyewe la kuifanya. Nimeandika kwa wino.

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Mama aliteleza bafuni akitia udhu. Hakuvunjika, lakini hakuweza kuinuka peke yake, na pumzi ilikuwa inamkata. Wali wa Idi umelala sufuriani.

Jumamosi, 13 Aprili

Mama amelazwa Msambweni. Daktari kijana, mstaarabu, alinitoa nje ya wodi akaniambia moyo umechoka na maji yamejaa mapafuni. Watayapunguza kwa dawa, lakini moyo ni ule ule. Dada yangu Subira amekuja kutoka Ukunda na mkoba wa nguo za mwezi mzima. Sikumwuliza kwa nini amebeba nyingi hivyo.

Jumatano, 17 Aprili

Beryl, yule dada wa bara anayesimamia muziki katika hoteli moja ya Diani, alikuja dukani. Kila mara huniomba nimkagulie vyombo kabla hajanunua, maana amewahi kuuziwa mandolini iliyofunguka mbele ya wageni. Nilikuwa nimekuja na ya nne dukani, sikutaka ibaki kwenye nyumba tupu. Aliposikia nyuzi mbili tu akaweka chini simu yake.

"Aki Swabir, hii ndiyo nataka. Sema tu bei, si-bargain."

"Haiuzwi, dada."

"Kwani ni ya nani?"

Nikasema bado inajaribiwa. Ningempa, chombo kile kingeondoka kijijini, kingepigiwa Wazungu kando ya bwawa la kuogelea, na mimi ningelala. Sikumpa. Nilijiambia ni kwa sababu ya wakfu, kwamba mali ya msikiti haiendi hotelini. Hiyo ni sababu nzuri sana. Sababu ya kweli ni kwamba sikuweza kuiachia.

Jumamosi, 20 Aprili

Mama amerudi nyumbani. Mzee Abubakar amekuja kumjulia hali, akiwa na nazi mbili na dua ndefu. Nilimsindikiza hadi kwenye mkwaju. Nikasimama. Akasimama.

"Mwanangu, una neno?"

Nilikuwa nalo. Lakini sikiliza, ewe daftari, nilivyonaswa. Mama yangu yuko ndani, hana pumzi, na mimi mwanawe wa kiume nimwulize mtunzaji wa msikiti habari za jeneza? Angenielewaje? Na mama akisikia, au Subira? Kabla ya Idi lilikuwa jambo la haya tu. Sasa ni kumchongea mama kwa mauti. Kila siku anavyozidi kudhoofika ndivyo neno lile linavyozidi kuwa zito, na kila siku ndivyo linavyozidi kutakiwa.

"Naulizia maji ya kisima cha msikiti," nikasema, "kama yamepanda."

"Yamepanda mno," akasema. Alinitazama kidogo zaidi ya kawaida, akaenda zake.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua. Mama halali ila nikimpigia ile ya nne. Nilijaribu kumpigia ya mkangazi, akafumbua jicho. "Siyo huyu," akasema. "Mlete yule mwenye sauti ya kukaa."

Namlaza mama yangu usingizini kwa mbao ya jeneza. Ndivyo ilivyo, nami siwezi kuiandika vizuri zaidi.

Jumapili, 28 Aprili

Fundi Iddi amekuja kumwona mgonjwa. Alikaa robo saa karibu na kitanda, akamwombea vizuri, kisha akanivuta barazani. Chini ya koti la mvua alikuwa na kitu kimefungwa kwa kanga. Shingo. Ndefu, nyembamba, imekwisha kuchongwa na kupigwa msasa.

"Nilikwambia ungoje Idi ipite!"

"Imepita siku kumi na nane." Alishangaa kweli, hakuwa anafanya mzaha. "Nikasema huyu hakuja, hakuleta neno. Mwari akiulizwa posa akanyamaza, si ndiyo amekubali?"

"Na mti wa pili?"

"Nimeutoa shingo mbili. Matendegu nimeyapasua vigingi vya kukazia nyuzi."

Basi limekwisha. Hakuna tena cha kurudisha, si leo, si kwa juma moja, si kwa siri. Nilitaka kumtukana. Badala yake, na hili nalilipia kwa kuliandika, niliichukua ile shingo, nikaiinua mbele ya jicho, nikafumba la pili, nikaitazama kwa urefu wake. Imenyooka. Imenyooka kama ilivyopaswa. Nikamwambia hivyo. Akatabasamu.

Subira alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. "Mnapima nini na mgonjwa ndani?" akauliza. Nikasema shingo ya mandolini. Alisonya akarudi ndani.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua. Fukusi wameingia kwenye unga. Ya tatu imeachia gundi kabisa. Ya nne haijatikisika.

Jumatatu, 6 Mei

Kivuko kimekatika. Maji yamelipeleka tuta lote, na upande wa pili watu wanaonekana wadogo, wanapunga mikono, hawasikiki. Gazi kule, msikiti mkubwa kule, jeneza la chuma kule. Sisi tuko huku, nyumba arubaini na saba, msikiti wetu mdogo na makaburi yetu kwenye kilele kidogo baada ya bonde la mpunga. Bonde limekuwa ziwa.

Mama leo hakula.

Jumatano, 8 Mei

Nimekaa naye mchana kutwa. Nimeomba mvua ikatike. Sikuombea mazao, wala barabara. Mungu anajua nilichokuwa naombea.

Alhamisi, 9 Mei

Mama amefariki asubuhi, saa moja na nusu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Jumapili, 12 Mei

Subira amelala, wageni wametawanyika. Naandika ya Alhamisi.

Wanawake walimwosha mama, wakamkafini. Wanaume walikusanyika barazani kwetu chini ya turubai, maji yakitupiga miguuni. Maiti wetu hangojeshwi. Ilikuwa azikwe baada ya adhuhuri, na kila mtu alijua swali liko wapi, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Mwishowe Mzee Abubakar akasema, "La chuma liko ng'ambo. Hatulipati leo wala kesho. Lakini kile chetu cha zamani kiko kwa Fundi Iddi."

Watu wakapumua. Wengine walikuwa wamesahau kabisa kwamba tuna chetu. Ndipo Kahindi, jirani yetu, ambaye si mtu wa dini yetu lakini hakosi kwenye msiba wetu, akasema, "Kuna mtumbwi kwangu. Naweza kupita mikokoni, nitokee Gazi, nikilete. Nipeni mtu mmoja wa kupiga kafi." Kijana wake mkubwa akainuka papo hapo, akaanza kukunja suruali.

Ule mto ulikuwa unashusha magogo. Hata kutoka barazani tuliyasikia yakigongana. Mtu na mwanawe walikuwa wanakwenda kufia kitu ambacho hakipo, na aliyejua kwamba hakipo ni mimi peke yangu.

"Msiende," nikasema. "Hakipo."

Wote wakanigeukia. Abubakar akauliza polepole, "Umejuaje, mwanangu?"

Hapo palikuwa mlango wa mwisho wa kusema kweli. Maiti ya mama yangu ilikuwa chumba cha pili, na mlango ule ulikuwa wazi, ningeingia tu. Nikasema, "Fundi aliniambia. Mchwa walikimaliza."

Mvua tu. Kisha Mzee Abubakar akasema, kwa sauti ya chini, si ya kunifedhehesha, kama mtu anayejisemea: "Mfenesi hauliwi na mchwa."

Aliyefiwa hahojiwi. Walinisitiri, watu wote wale, wakaanza kuzungumza kwa pamoja juu ya kamba na maboriti.

Tulichukua kitanda cha kamba cha mama mwenyewe, tukafunga maboriti mawili ya mkoko chini yake, huku na huku. Maboriti yalikuwa mabichi, yametolewa ganda, yanateleza. Tukamswalia. Tukamnyanyua. Tangu mlangoni niliona kwamba hakitakwenda vizuri. Jeneza lina urefu wake, lina mizani yake, watu wanane wanaingia na kutoka mabegani bila kusimama, kila mtu apate thawabu yake. Kitanda kile kilibebwa na wanne, na wanne wale hawakuweza kupokezana. Mtu akitaka kutoa bega, kitanda kinayumba.

Bondeni maji yalitufika kiunoni. Mimi nilikuwa nyuma, kulia. Katikati ya bonde kamba ya kushoto iliteleza juu ya boriti. Haikukatika, iliteleza tu, taratibu, na kitanda kikainama upande wa miguuni. Tulikidaka. Tulikidaka upesi, kila aliyekuwepo atakuambia hivyo. Lakini kwa muda wa mtu kusema Allahu akbar miguu ya mama yangu ilikuwa ndani ya maji, na sanda ikanywa hadi magotini, ikabadilika rangi kwa tope.

Nikasikia ukelele nyuma yetu. Wanawake wa kwetu hawaendi makaburini, lakini bonde lote linaonekana kutoka kwenye kibaraza chetu. Subira aliona.

Tulimzika hivyo hivyo. Imamu alisema hakuna ubaya, maji ni tohara. Alisema mara mbili.

Jumatano, 22 Mei

Kivuko kimezibwa kwa mawe. Fundi Iddi amekuja kutoa rambirambi. Hakuingia ndani. Alisimama na kofia mkononi, akalia machozi ya kweli, mzee wa watu, na hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja jeneza. Abubakar alipita njiani, akatusalimu sote wawili pamoja, salamu moja.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Dukani wananiuliza hali. Nashona. Abubakar hajaniuliza neno, na najua hataniuliza. Nilidhani kusitiriwa ni rehema. Sasa nikimwona anakuja namsogelea ili aulize, naye anazungumza habari za kisima.

Jumanne, 18 Juni

Arubaini ya mama imesomwa leo. Watu walikula, wakaomba, wakaondoka kabla ya alasiri. Subira alibaki, anafunga mkoba wake arudi Ukunda. Nikaingia, nikakaa sakafuni karibu na mlango, nikamwambia yote: karakana, miti juu ya mitambaapanya, Idi ipite, shingo, mchwa. Sikupamba. Aliendelea kukunja nguo, kanga moja baada ya nyingine, mpaka nikamaliza.

"Ulijua tangu Ramadhani," akasema.

"Tangu Ramadhani."

"Na mama ulikuwa unampigia hiyo hiyo."

"Ndiyo."

Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo siku arubaini. Akakaa kitandani, akaweka mikono mapajani, akasema, "Ilete. Uipige."

"Subira, leo ni siku ya..."

"Kaka, ipige. Nataka nisikie kilichomwingiza mama yangu majini."

Nikaenda nikaishusha ukutani. Nikakaza nyuzi, na sikio halikukosea hata uzi mmoja, sikio langu halina haya. Nikaipiga. Nilianza vibaya kwa makusudi, nilitaka isikike mbovu, nilitaka kumpa hata hilo. Sikuweza. Baada ya nyuzi chache mkono ulikwenda wenyewe mahali ulipozoea, na ile sauti ikatoka, ikasimama chumbani, ikajaa mpaka kwenye bati. Nilipiga hadi mwisho. Sijawahi kuisikia nzuri namna ile.

Subira alisikiliza bila kufuta machozi. Kisha akainuka, akachukua mkoba wake.

"Ni nzuri kweli," akasema.

Akatoka. Hakuniaga. Na mimi, Mungu anisamehe, katika maneno yake yote lililonigusa kwanza lilikuwa lile la sifa, nami kwa muda wa kupepesa jicho nilifurahi.